Kidonda cha mguu wa Mama hakifungi: tuanze na maji yaliyo mguuni

SWALI: Mama yangu ana miaka 78, anaishi Muheza. Miguu yote miwili imevimba tangu mwaka jana, wa kushoto zaidi. Juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ana kidonda chenye miezi mitano sasa. Tunakiosha kwa spiriti na kukinyunyizia unga wa rangi mbili (ule wa ndani ya kapsuli za antibayotiki), kinakauka juu, halafu kinaanza tena kutoa maji. Anameza amlodipine ya presha. Duka la dawa wametupa na Lasix, anakojoa sana lakini miguu iko vilevile. Siku hizi anashinda kwenye kiti, na juzi nikimwogesha nimeona alama nyeusi takoni. Kaka zangu wanasema ni matende, majirani wanasema kategewa kitu. Nianzie wapi?

JIBU: Pole dada, na umfikishie Mama pole zangu.

Uanzie kwenye uvimbe. Kidonda cha hapo ulipopataja, juu ya kifundo upande wa ndani, mara nyingi kinalishwa na maji yaliyojaa chini ya ngozi. Mnaweza kukipaka kila kilichopo kwenye rafu za duka la dawa, na maji yakibaki mguuni, kidonda nacho kitabaki. Katika kliniki ya vidonda nawaona wazee wa namna hii kila wiki: familia imetumia pesa nyingi kwenye dawa za kupaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaambia wainue mguu.

Inakuwa hivi. Damu inashuka mguuni kupitia ateri, kisha inatakiwa ipande kurudi moyoni kupitia vena. Ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini, na anayeisukuma juu ni msuli wa shavu la mguu, kila mtu anapopiga hatua. Kwa mama wa miaka 78, aliyezaa na kusimama shambani na jikoni maisha yake yote, vilango vile vimelegea. Sasa anashinda amekaa, kwa hiyo na ule msuli umestaafu. Damu inalala chini, shinikizo ndani ya vena linapanda, maji yanavuja kwenye nyama. Ngozi ya juu ya kifundo inakuwa nyembamba, inang'aa, inageuka kahawia iliyokolea kuliko mwili mzima, inawasha. Mzee anajikuna usiku au anajigonga na mguu wa kitanda, na mchubuko ambao kwa kijana ungefunga ndani ya wiki unageuka donda ndugu.

Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara. Kuvimba kuna mizizi kadhaa, na mingine haiko mguuni kabisa. Fanya hivi asubuhi kabla hajashuka kitandani: mbonyeze kwa kidole gumba kwenye ugoko, hesabu polepole hadi kumi, uachie. Shimo likibaki, hayo ni maji. Kisha umtazame mwili mzima. Je, akilala chali pumzi inakata, anaomba mto wa pili na wa tatu, au ndiyo sababu siku hizi analala kwenye kiti? Hapo nawaza moyo. Uso na kope vinavimba asubuhi, mkojo una povu kama la sabuni? Nawaza figo. Tumbo limejaa na macho yana umanjano? Ini. Viganja na ndani ya kope ni vyeupe kuliko kawaida, anachoka kwa hatua chache? Damu pungufu, na kwa wazee wanaokula ugali na chai tu, protini ya damu nayo hushuka na miguu ikajaa.

Kaka zako hawakukosea kuyataja matende. Ukanda wa pwani, na Tanga hasa, umeyajua mabusha na matende kwa vizazi. Ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na ndiyo sababu ya zile kampeni za kumezeshwa kingatiba ya albendazole na ivermectin. Ila matende kwa kawaida huanza mtu akiwa bado na nguvu zake, huzidi mguu mmoja, na kadiri miaka inavyokwenda ngozi inakuwa nene, yenye mikunjo, isiyobonyea. Jaribu kuibana na kuiinua ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia. Ikiinuka vizuri, matende yanapungua uzito kwenye mawazo yangu, ingawa hayafutiki. Miguu miwili iliyoanza kuvimba kwa pamoja kwenye miaka 77 inanielekeza kwanza kwenye vena, moyo, figo na dawa.

Kuhusu kutegewa, sibishani na majirani. Nakuomba kitu kimoja tu: mguu huo usichanjwe chale, usifukizwe, usikandwe kwa maji ya moto. Ngozi iliyojaa maji huweza kukosa hisia ya kukuonya kwamba imeungua hadi malengelenge yatokee, na chale ndogo hapo inaingiza vijidudu vitakavyompandisha homa usiku huohuo.

Sasa dawa, na hapa naomba usome taratibu. Amlodipine ni dawa nzuri ya presha, lakini kuvimba miguu ni moja ya madhara yake yanayojulikana sana, hasa kwa dozi ya miligramu 10. Mkumbuke: uvimbe ulianza kabla au baada ya kuanzishiwa, au baada ya kupandishwa kutoka 5 kwenda 10? Msimwachishe wenyewe, presha ikiruka mtapata kiharusi mkitafuta tiba ya mguu. Mpelekeni, daktari anaweza kupunguza dozi, kuongeza dawa ya kundi jingine, au kubadilisha kabisa.

Lasix ndiyo iliyoniudhi kwenye barua yako. Uvimbe wa amlodipine hauondoki kwa Lasix, wala uvimbe wa vena mbovu hauondoki sawasawa, kwa sababu tatizo si wingi wa maji mwilini, ni mahali yalipokwama. Ikitumika bila kipimo inamaliza potasiamu, inachosha figo, inashusha presha anaposimama. Mzee anayeamka mara nne usiku kwenda choo cha nje ataanguka siku moja, na nyonga ikivunjika kwenye umri huo, kidonda cha mguu mtakisahau. Kama moyo ndio wenye shida, Lasix itakuwa na kazi kubwa na daktari ataiandika kwa dozi inayofaa. Kwa hiyo usiitupe, ibebe kwenye mfuko pamoja na kila anachomeza, mitishamba ikiwemo. Na magoti yakimuuma anatumia nini? Wengi wanasahau kutaja diclofenac au ibuprofen, "ni ya maumivu tu," kumbe hizo hushikilia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na kuumiza figo. Miguu ya wazee wengine hupungua kwa kuacha diclofenac tu.

Hospitalini ombeni apimwe presha, sukari, wingi wa damu, mkojo kuangalia protini, na kreatinini ya figo. Sukari hata kama hajawahi kuambiwa anayo: ya kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L au zaidi ndipo kisukari kinaposhukiwa, na kipimo hurudiwa kuthibitisha. Eko ya moyo, yaani kipimo cha picha ya moyo, ikihitajika mtapewa rufaa, na kwenu Muheza kwa kawaida ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Anzieni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na mkifika hospitali muulizie ustawi wa jamii na dirisha la wazee. Ulizeni pia chanjo ya pepopunda. Kina mama wengi walichomwa wakati wa ujauzito, lakini hiyo ni miaka 40 iliyopita.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Mguu mmoja ukivimba ghafla na shavu kuuma, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya vena, na donge likipanda kwenye mapafu linaweza kuua. Vivyo hivyo pumzi kukata, maumivu ya kifua, homa na kutetemeka, kuchanganyikiwa, kidole kugeuka cheusi, au joto na maumivu yanayopanda mguu kwa saa chache. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja: gusa mguu huu, gusa ule. Unaochoma zaidi, unaong'aa na kuvutika zaidi, huenda una maambukizi hata kama rangi haijakuambia kitu. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Tuje kwenye kidonda chenyewe. Spiriti iacheni leo. Inaua vijidudu, kweli, lakini inaua pia nyama changa inayojaribu kuota, na kila mkiosha mnarudi mwanzo. Unga wa rangi mbili nao uacheni. Ukikauka unatengeneza ganda, usaha unabaki chini yake, ngozi ya pembeni inapata mzio, na vijidudu vinajifunza kuizoea dawa ambayo siku moja mtaihitaji kwa kumeza. Kidonda hakitakiwi kikauke kama kigae. Kinaota nyama kikiwa na unyevu kiasi, kimefunikwa, hakina inzi. Ile ya "kiache kipigwe na hewa" tumeirithi, na imechelewesha vidonda vingi. Dawa ya meno, majivu, kahawa, mafuta ya breki: sitaki hata kuanza. Asali haina ubaya mkubwa ikiwa safi, ila kwa vidonda vya vena jaribio kubwa lililofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2008 halikuona vikipona haraka zaidi kuliko kwa matunzo ya kawaida, na inzi wanaipenda. Msiinunue kwa bei mbaya.

Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichorundikwa, funika yapoe hadi vuguvugu. Nawa mikono kwa sabuni. Bandeji ya zamani ikiwa imeganda, usiivute. Imwagie maji hayo, subiri, itaachia yenyewe bila kung'oa nyama. Mimina maji juu ya kidonda, usisugue, na mguu mzima uoshe kwa maji na sabuni isiyo kali kwa sababu ngozi iliyokufa na mafuta ya zamani yamejaa hapo. Kausha kwa kupapasa, na usisahau katikati ya vidole. Kwa wazee wengi kule ndani mna fangasi, ngozi nyeupe iliyolowa na kupasuka, na kupitia ufa huo vijidudu hupanda mguu mzima. Krimu ya clotrimazole ya duka la dawa inatosha. Ngozi kavu ya mguu ipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kuelekea chini kufuata vinyweleo, lakini si ndani ya kidonda wala katikati ya vidole.

Juu ya kidonda weka shashi safi yenye mafuta ya mgando isiyonata, kisha shashi kavu nene ya kunyonya. Maji yakiwa mengi hadi yanachuruzika kwenye kandambili, pedi safi za kina mama zinanyonya vizuri zikiwekwa juu ya shashi, na bei yake mnaimudu. Pembeni ya kidonda paka krimu ya zinki ili maji yasichubue ngozi nzima. Kinacholowa sana kifungwe kila siku, kikitulia kila baada ya siku mbili au tatu. Kufungua mara kwa mara kukitazama kunakipunguzia joto na kukichelewesha kupona.

Antibayotiki za kumeza hazihitajiki kwa sababu tu kuna majimaji na harufu kidogo. Kila kidonda cha miezi mitano kina vijidudu juu yake. Zinahitajika kukiwa na homa, joto linaloenea, maumivu yaliyoongezeka ghafla au usaha mzito. Harufu ikiwa kali, mwambie daktari. Iko dawa ya kuipunguza kidondani.

Tiba yenyewe ya kidonda cha vena, ukiniuliza mimi, ni kuinua na kubana. Kuinua mwanze leo, isipokuwa akilala pumzi inakata, hapo mngoje daktari. Alale kabisa, miguu juu ya mito hadi visigino viwe juu kuliko kifua, nusu saa, mara tatu au nne kwa siku. Kigoda mbele ya kiti hakitoshi, miguu bado iko chini ya moyo. Usiku wekeni matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo. Na akiwa amekaa achezeshe vifundo, vidole juu, vidole chini, kama anayekanyaga cherehani. Kutembea kunaruhusiwa, tena kunatakiwa. Uani hadi kisimani kuna faida kuliko kiti cha kibarazani.

Kubana kunangoja kitu kimoja. Lazima mtu ahakikishe kwanza damu inafika vidoleni vizuri. Mguu ambao ateri zake zimeziba, ukiubana mnaua vidole. Dalili zake ni nyayo za baridi, vidonda kwenye ncha za vidole au kisigino, na maumivu ya usiku yanayotulia akiuning'iniza mguu nje ya kitanda. Hospitali zenye kifaa hulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Uwiano ukiwa 0.8 au zaidi mguu hubanwa kwa kawaida, chini ya 0.5 haubanwi hata kidogo, katikati yake ni uamuzi wa mtaalamu. Mwenye kisukari kipimo hiki huweza kumdanganya kwa kutoa namba kubwa, kwa hiyo vidole vyake vitazamwe pia. Moyo ulioshindwa na haujatulizwa kwa dawa nao unangoja, kwa sababu maji yakisukumwa yote kwa mpigo yanakwenda kwenye mapafu.

Mkisharuhusiwa, bandeji hufungwa asubuhi kabla hajashuka kitandani, mguu ukiwa umepungua. Anza pale vidole vinapoanzia, kifundo kikiwa kimekunjwa kama mtu aliyesimama. Zungusha, funika kisigino chote, usiache dirisha kwa sababu maji yatakimbilia hapo, panda ukifunika nusu ya mzunguko uliopita, uishie vidole viwili chini ya goti. Mvuto uwe uleule, na mguu unavyonenepa kwenda juu shinikizo litapungua lenyewe. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kukaza juu na kulegeza chini. Hapo mmefunga kamba, na unyayo utavimba kama mkate. Baada ya nusu saa tazama vidole: bonyeza ukucha, rangi irudi ndani ya sekunde tatu. Vikiwa vya baridi, vikifa ganzi au vikiuma, fungua mara moja. Ombeni muuguzi awafundishe kwa mikono yenu mbele yake, maandishi hayatoshi.

Chakula nitakigusa kidogo. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu ng'onda, dagaa wa chumvi na vidonge vya kuungia mchuzi. Kidonda hujengwa kwa protini: yai, maharage, samaki mbichi, maziwa, kila siku kitu kimoja angalau. Maji ya kunywa msimpunguzie bila agizo la daktari.

Ile alama ya takoni imenitia wasiwasi kuliko unavyodhani. Ibonyeze kwa kidole. Isipobadilika rangi, au pakiwa pagumu, pa moto au pateketeke kuliko pembeni, huenda nyama ya ndani imeanza kufa kwa kugandamizwa, na ngozi ikifunguka mtakuta shimo. Akiwa kwenye kiti ainuliwe au ajiegemeze upande kila baada ya nusu saa hivi. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu ule, mto katikati ya magoti, na mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Msimkalishe kwenye mpira wa gari wala pete ya nguo, kingo zake zinabana damu pembezoni. Msipasugue, pameshaumia. Akijikojolea asibaki amelowa. Osha, kausha, paka krimu ya zinki. Na umwonyeshe daktari alama hiyo siku ileile mnayokwenda na mguu, hata kama Mama anaona haya. Omba muuguzi wa kike.

Wekeni kumbukumbu. Kila Jumapili piga picha ya kidonda ukiweka sarafu pembeni, umbali uleule. Kikibanwa sawasawa, ndani ya wiki nne kiwe kimeanza kupungua, na vingi hufunga kati ya miezi mitatu na sita. Kikizidi kupanuka, kingo zikiinuka na kuwa ngumu, kikitoa damu kikiguswa au kikiota nyama kama koliflawa, ombeni kipande kikatwe kipelekwe maabara, kwa sababu kidonda cha muda mrefu huweza kugeuka saratani.

Mama atalalamika kwamba bandeji inambana, na wazee wengi huifungua ukienda sokoni. Siku za kwanza mfungie saa chache za asubuhi wakati upo nyumbani, uongeze kidogo kidogo. Na kidonda kikifunga msiiweke kabatini. Vilango vya vena vitakuwa bado vimelegea, kwa hiyo atahamia kwenye soksi za kubana za hadi chini ya goti, zikipimwa kwa mguu wake, azivae kila asubuhi na kuzivua usiku, na zibadilishwe kila baada ya miezi sita hivi kwa sababu zinalegea.